Jinsi ya Kuchunguza Rangi na Ubaguzi katika Ngano za Kale za Ulaya

Msomaji anayetaka kujua ngano za kale za Ulaya ziliwachukuliaje watu wa rangi na asili tofauti hukutana mapema na makundi mawili ya wasemaji. Kundi la kwanza humwambia kwamba hizi ni hadithi za watoto tu, kwamba weupe na weusi wake ni mambo ya mchana na usiku, na kwamba anayeona ubaguzi humo ameuleta mwenyewe. Kundi la pili humwambia kwamba kila kiumbe mweusi katika ngano hizo ni Mwafrika anayetukanwa. Makundi yote mawili hutoa hukumu kabla ya kufungua kitabu. Mwongozo huu unashauri njia ya polepole: kuichukua ngano moja moja, kuuliza rangi inafanya kazi gani ndani ya kisa, kisha kuuliza hadhira ya kwanza ya ngano hiyo ilimfikiria nani iliposikia mhusika fulani akitajwa kuwa mweusi, mgeni au Myahudi.

Anza na toleo

Usichunguze ngano kwa kutegemea kumbukumbu ya utotoni. Tafuta maandishi, kisha andika pembeni mwaka wa toleo, jina la mkusanyaji au mwandishi na, ukiwa unasoma tafsiri, jina la mtafsiri. Giambattista Basile aliandika mkusanyo wake kwa Kinapoli, lugha ya Napoli huko Italia, nao ukachapishwa kati ya 1634 na 1636, baada ya kifo chake. Charles Perrault na Madame d'Aulnoy walichapisha ngano zao huko Ufaransa mwaka 1697, kwa wasomaji wa tabaka la juu. Ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walitoa juzuu la kwanza mwaka 1812 na la pili mwaka 1815, kisha ngano hizo zikaendelea kurekebishwa hadi toleo la saba la mwaka 1857, ambalo ndilo chanzo cha tafsiri nyingi zinazosomwa leo na ndilo lenye namba ambazo wataalamu huzitumia kuzitaja.

Marekebisho hayo hayakuwa madogo. Katika toleo la 1812, anayetaka kumuua binti mweupe kama theluji ni mama yake mzazi. Kufikia toleo la 1819 amegeuzwa kuwa mama wa kambo. Ikiwa mhariri aliweza kumwondoa mama mzazi, msomaji asishangae kukuta kwamba rangi, dini au asili ya mhusika nayo imeongezwa, imefichwa au imebadilishwa njiani. Nitarejea kwenye jambo hili nitakapofika kwa Myahudi aliyechezeshwa miibani.

Chombo kimoja kitakusaidia sana, nacho ni fahirisi ya kimataifa ya aina za ngano iliyoanzishwa na Antti Aarne mwaka 1910, ikapanuliwa na Stith Thompson, na kuhaririwa upya na Hans-Jörg Uther mwaka 2004. Kila aina ya kisa ina namba yake, na chini ya namba hiyo huorodheshwa masimulizi ya nchi mbalimbali. Kazi yake kwako ni moja: kukuonyesha kipi ni uti wa mgongo wa kisa na kipi ni nyongeza ya msimulizi mmoja wa mahali pamoja. Bila hatua hii utakilaumu kisa kizima kwa kosa la toleo moja, au utalisamehe toleo moja kwa kusema kwamba kisa ndivyo kilivyo.

Uliza weusi huo umetoka wapi

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi hupita mbio. Mtu kuitwa mweusi katika ngano kunaweza kutokana na masizi ya jikoni, na weusi huo huoshwa kwa maji. Anayekaa jivuni ameshushwa cheo wala hajabadilishwa ukoo. Kunaweza kutokana na jua la shambani, kwa kuwa katika jamii ya wakulima na mabwana ngozi nyeupe ilikuwa alama ya mtu asiyelima. Weusi unaweza hata kuwa sifa: binti mweupe kama theluji ana nywele nyeusi kama mpingo, na weusi huo ni sehemu ya uzuri wake. Ukikutana na aina hizi, ziandike hivyo na uendelee.

Kuna weusi mwingine, ule wa laana, na huo unahitaji kusomwa neno kwa neno. Chukua ngano namba 135 ya akina Grimm, inayohusu bibi-arusi mweupe na bibi-arusi mweusi. Mwanamke yuko shambani na binti yake wa kumzaa na binti wa kambo, wanakata majani ya mifugo. Mungu anawajia kwa sura ya maskini na kuuliza njia ya kwenda kijijini. Mama anamjibu aitafute mwenyewe. Binti yake anaongeza kwamba kama anaogopa kupotea atafute wa kumwongoza. Binti wa kambo ndiye anayefuatana naye na kumwonyesha njia. Kwa hasira, Mungu anawageuza mama na binti yake kuwa weusi kama usiku na wabaya wa sura kama dhambi, na yule wa kambo anaomba na kupewa uzuri na usafi wa jua.

Hakuna Mwafrika katika kisa hiki. Wanawake wale wawili ni wanakijiji kama wenzao, na walikuwa weupe hadi dakika waliyomjibu maskini kwa jeuri. Kwa hiyo anayesema kwamba ngano inawatukana watu wa Afrika moja kwa moja anasema jambo ambalo maandishi hayalionyeshi. Hata hivyo, endelea kusoma. Kaka wa binti mweupe ni mwendeshaji wa gari la mfalme, naye amechora picha ya dada yake. Mfalme anaiona na kuagiza aletwe awe mke wake. Njiani mama wa kambo anamsukumia mtoni na kumweka binti yake mahali pake. Mfalme anapomwona bibi-arusi mweusi anakasirika mara moja na kuamuru yule kaka atupwe katika shimo la nyoka. Hajajua bado kwamba kuna mtu aliyesukumwa mtoni. Kinachomkasirisha ni sura tu, na msimulizi haoni haja ya kueleza kwa nini, maana anaamini hadhira yake imekwisha kukasirika pamoja na mfalme.

Sehemu ya aina hiyo, ambapo msimulizi anaacha kueleza kwa sababu anadhani kila mtu anajua, ndiyo unayopaswa kuitafuta katika kila ngano. Iwekee alama. Katika ngano namba 121, mwana wa mfalme asiyeogopa kitu anamkuta binti mweusi katika kasri lililorogwa, na usiku baada ya usiku anavumilia mateso ya mashetani bila kutoa sauti, huku binti akigeuka mweupe kidogo kidogo, kuanzia miguuni, mpaka anakuwa mweupe mwili mzima na laana kuondoka. Hapa pia hakuna taifa linalotajwa. Lakini kipimo kimewekwa: weusi ni ugonjwa, weupe ni kupona. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo zito kuliko matusi ya wazi, kwa sababu mtoto aliyesikia kisa hiki mara nyingi hakufundishwa kumchukia mtu yeyote, ila alipewa kipimo ambacho, siku atakapokutana na mtu mweusi kweli, kitakuwa tayari kutumika.

Mahali alama na mtu vinapokutana

Baada ya kutenganisha weusi wa laana na weusi wa watu, tafuta ngano ambamo viwili hivyo vinaungana. Hakuna mahali pazuri pa kuanzia kuliko kwa Basile. Kisa kinachobeba mkusanyo wake mzima kinamhusu Zoza, binti wa mfalme, ambaye lazima ajaze mtungi kwa machozi katika siku tatu ili mwana wa mfalme aitwaye Tadeo afufuke kaburini na kumwoa. Mtungi ukiwa karibu kujaa, usingizi unamchukua. Kijakazi mweusi aitwaye Lucia anauchukua, anaumalizia kwa machozi yake, na ndiye anayeolewa. Ngano zote zinazofuata zinasimuliwa kwa sababu Lucia, akiwa mjamzito, ametiwa hamu isiyozuilika ya kusikia hadithi. Mwishoni Zoza anasimulia kisa chake mwenyewe, hila inafichuka, na Lucia anazikwa akiwa hai, kichwa tu kikiwa nje, pamoja na mtoto aliye tumboni.

Hapa weusi una mtu halisi nyuma yake. Napoli ya wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Hispania, na watumwa kutoka Afrika Kaskazini na kusini mwa Sahara walikuwapo bandarini na majumbani mwa wenye nacho. Msomaji wa kwanza wa Basile hakuhitaji kumbuni Lucia. Huenda mtu wa hali yake alikuwa akimchotea maji. Basile anampa pia namna ya kusema: Kinapoli kilichovunjika, cha kuchekesha, ambacho wahusika wengine hawakizungumzi. Unapochunguza, sikiliza jambo hilo. Mhusika aliyenyimwa sarufi amenyimwa pia huruma ya hadhira, kwani kila anapofungua mdomo kulalamika watu hucheka.

Linganisha na ngano ya malimau makubwa matatu, ambayo ni ya tisa katika siku ya tano ya mkusanyo huo huo. Mwana wa mfalme anajikata kidole akikata jibini, anaiona damu juu ya weupe wa jibini, na tangu hapo anataka mke mwenye rangi hizo mbili. Anapompata, anamwacha juu ya mti karibu na chemchemi ili akamletee mavazi. Kijakazi mweusi anayekuja kuchota maji anakiona kivuli cha yule mrembo majini, anadhani ni chake mwenyewe, na anashangaa kwa nini mtu mzuri kiasi hicho anatumwa maji. Msimulizi alikusudia kicheko. Msomaji wa leo ana haki ya kusimama hapo na kukisoma kama lalamiko la mtumwa, ingawa hana haki ya kudai kwamba ndivyo Basile alivyokusudia. Kijakazi huyo naye anamwondoa mrembo, anachukua nafasi yake, na mwisho anachomwa moto.

Kwa hiyo uliza nani anakufa, kwa kosa gani, na kama kosa hilo hilo kwa mhusika mweupe lina adhabu hiyo hiyo. Uwe mwangalifu, maana ngano hizi ni katili kwa wote: mama na binti wa namba 135 wanatiwa katika pipa lenye misumari, na adhabu za namna hiyo huwapata mama wa kambo weupe pia. Ukatili peke yake hauthibitishi ubaguzi. Kinachothibitisha ni pale rangi inapotajwa kama sehemu ya kosa, pale kupanda cheo kwa mtumwa kunapoelezwa kuwa wizi wa nafasi ya mwingine, na pale uaminifu wake unapokubaliwa kwa sharti tu kwamba afe.

Sharti hilo la mwisho linaonekana wazi kwa Madame d'Aulnoy, katika ngano yake ya kondoo dume. Binti wa mfalme ameamriwa auawe, na moyo na ulimi wake vipelekwe kwa baba yake. Wanaompenda ni watatu: kijakazi mdogo mweusi aitwaye Patypata, tumbili na mbwa. Wote watatu wanajitolea kufa badala yake. Patypata anakufa, lakini ulimi wake unaonekana kuwa mweusi, hauwezi kumdanganya mfalme. Tumbili naye hafai. Wa mwisho ni mbwa, naye ndiye anayefaa. Itazame safu hiyo ya watatu, mtoto wa kike akiwa amewekwa daraja moja na wanyama wa kufugwa, na kifo chake kikiwa hakina hata faida. Ngano hiyo ilitoka mwaka 1697, miaka 12 baada ya mfalme Louis wa 14 kutia saini Code Noir, amri iliyosimamia utumwa katika makoloni ya Ufaransa. Simaanishi kwamba mwandishi aliandika akiwa na amri hiyo mezani. Ninachosema ni kwamba wasomaji wake waliishi katika nchi ambamo mtu mweusi kumilikiwa lilikuwa jambo lenye sheria yake.

Ubaguzi usiotumia rangi

Usikomee kwenye rangi ya ngozi, kwa sababu chuki iliyoandikwa waziwazi zaidi katika mkusanyo wa akina Grimm haihusu rangi. Ngano namba 110, iliyotoka katika juzuu la 1815, inamhusu mtumishi aliyepewa na kibwengo fidla inayomlazimisha kila aisikiaye acheze. Anamkuta Myahudi mwenye ndevu za mbuzi akisikiliza ndege. Anamtungua ndege, anamwacha Myahudi aingie katika kichaka cha miiba kumwokota, kisha anapiga fidla. Miiba inamrarua koti, inamchana ndevu, mpaka anatoa mfuko wa dhahabu ili muziki ukome. Akiendelea kupiga, mtumishi anajisemea kwamba huyu amekwisha kuwachuna watu vya kutosha. Tafuta katika kisa chote ni nani aliyechunwa: hayupo. Shutuma imekaa mahali pa ushahidi. Baadaye, mbele ya mahakama, Myahudi analazimishwa kwa fidla hiyo hiyo kukiri kwamba dhahabu ni ya wizi, na ndiye anayenyongwa.

Sasa tumia fahirisi. Kisa hiki ni aina ya 592, na katika masimulizi ya Kiingereza ya karne ya 15 anayechezeshwa miibani ni mtawa wa Kikristo. Uti wa mgongo wa kisa ni kumdhalilisha mwenye madaraka au mali. Myahudi amewekwa baadaye. Tazama pia wakati. Mwaka 1808 Wayahudi wa Ufalme wa Westphalia, ambao mji wake mkuu ulikuwa Kassel, walipewa haki sawa na raia wengine, na Jacob Grimm alifanya kazi ya ukutubi kwa mfalme wa dola hiyo. Baada ya Napoleon kushindwa, haki hizo zilipunguzwa au kufutwa sehemu nyingi za Ujerumani, na mwaka 1819 vurugu dhidi ya Wayahudi zilianzia Würzburg na kuenea. Ngano hii ilikuwa ikisomwa majumbani katikati ya mabishano hayo, na haikuondolewa.

Ili uwe mwadilifu, weka kando yake namba 115. Humo Myahudi ni msafiri maskini anayeuawa na fundi cherehani, na jua ndilo linalofichua mauaji miaka mingi baadaye. Mkusanyo mmoja unaweza kubeba yote mawili.

Usichanganye karne

Nadharia ya kuwagawa wanadamu katika mbari zenye sifa za kudumu ina tarehe zake. François Bernier alichapisha mgawanyo wa namna hiyo mwaka 1684, Carl Linnaeus alitoa wake mwaka 1735, na Johann Friedrich Blumenbach alianza kuandika juu ya jambo hilo huko Göttingen mwaka 1775. Basile aliandika kabla ya wote. Ukimhukumu kwa maneno ya Blumenbach utakosea. Chuki yake ina mizizi katika utumwa, dini na tabaka. Akina Grimm ni habari nyingine, kwani walifundisha katika chuo kikuu hicho hicho cha Göttingen katika miaka ya 1830, wakati Blumenbach akiwa bado hai.

Wala usidhani kwamba kadiri unavyorudi nyuma hali inazidi kuwa mbaya. Katika kanisa kuu la Magdeburg kuna sanamu ya Mtakatifu Maurice iliyochongwa katikati ya karne ya 13, naye ni askari mwenye sura ya Kiafrika isiyo na dhihaka yoyote.

Dai la usafi lichunguzwe pia

Ubaguzi mwingine haumo ndani ya ngano, umo katika namna zilivyotumiwa. Katika utawala wa Wanazi, kati ya 1933 na 1945, ngano za akina Grimm zilisifiwa kama urithi safi wa damu ya Kijerumani. Lipime dai hilo kwa kuuliza nani alisimulia. Baadhi ya wasimulizi wakuu wa akina Grimm walikuwa wasichana wa familia ya Hassenpflug ya Kassel, wenye nasaba ya Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa. Dorothea Viehmann, aliyetangazwa kuwa mfano wa mwanamke wa kijiji wa Kijerumani, alikuwa na nasaba hiyo hiyo. Kisa cha Aladdin kiliingia Ulaya kupitia Hanna Diyab, Mkristo wa Aleppo, aliyemsimulia mtafsiri Mfaransa Antoine Galland mjini Paris mwaka 1709. Na kisa cha binti anayetambuliwa kwa kiatu chake kiliandikwa China katika karne ya 9, zaidi ya miaka 700 kabla ya Basile.

Angalia na picha, kwa haraka. Perrault hakusema kwamba mwenye ndevu za buluu, yule tajiri wa ngano yake anayewaua wake zake, alitoka Mashariki. Ndugu za mkewe wanaokuja kumwokoa ni askari wa jeshi la Kifaransa. Lakini mwaka 1798 mchezo wa George Colman jijini London ulikipeleka kisa hicho Uturuki, na wachoraji wengi wakamvika muuaji wa wake zake kilemba ambacho maandishi hayana.

Ukitaka kuisimulia

Mchunguzi ambaye pia ni mwalimu, mzazi au mtafsiri atalazimika kuamua afanye nini na alichokiona. Kuiacha ngano kabisa ni uamuzi halali kwa watoto wadogo. Namba 110 sioni sababu ya kuwasomea kabla ya kulala. Kwa wanafunzi wakubwa isomwe kama ilivyo, pamoja na masimulizi ya mtawa, ili waone kwa macho yao jinsi mhusika mmoja alivyoondolewa na mwingine kuwekwa. Kwa ngano za laana, kama ile ya namba 121, mara nyingi inatosha kumfanya binti awe jiwe au kivuli, kwa kuwa kisa kinahitaji alama ya kurogwa tu.

Njia ya kubadilisha jina pekee ndiyo ninayoitilia shaka zaidi. Toleo moja la Kiingereza linalosambazwa sana humwita Myahudi wa namba 110 bahili, bila kutaja asili yake. Koti lililoraruka limebaki, mfuko wa dhahabu umebaki, shutuma isiyo na ushahidi imebaki, na kitanzi kimebaki. Mtafsiri atakayechukua njia hiyo aandike mwishoni mwa ngano sentensi mbili zinazosema mhusika alikuwa nani katika toleo la Kijerumani na kwa nini amebadilishwa. Aziweke mwishoni, ili msomaji akifika hapo akiwa amekwisha kucheka aweze kurudi nyuma na kutazama alichekea nini.